Kwa Nini Bolti Yangu Ina Rondeli Tisa

Juzi alikuja kunitembelea Espérance, mwalimu mpya wa darasa la pili, yule mrefu wa Kamenge anayefika juu ya ubao bila kunyoosha mkono. Nikamkaribisha chai. Yeye, badala ya kunywa chai, akaanza kunisahihisha. Aliiona bolti yangu dirishani, ile kubwa ya lori, akaishika, akahesabu rondeli zilizovishwa juu yake, yale maduara ya chuma yenye tundu yanayokaa chini ya nati. Kisha akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, hii iko na kosa. Kumi inapaswa kuwa kumi. Mi naona tisa."

Basi, vijana wangu mnaoanza kazi mwaka huu na kupita kwangu kuniomba maneno ya hekima: hekima sina. Nina kiti, nina kivuli cha ukuta, na nina bolti yenye rondeli tisa. Nitawaeleza habari za hiyo bolti, maana ndani yake mna karibu yote niliyojifunza katika ualimu, pamoja na ile wiki niliyokaribia kumvunjia binti yangu ndoa kwa ajili ya hesabu za kutoa.

Kwanza mnifahamu. Nimezaliwa Buyenzi, nimefundisha Buyenzi, na nikifa sina safari ndefu. Sekondari ndiyo iliyonitoa nje, na nilipoimaliza nilirudi mbio, cheti mkononi, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Wenzangu walitafuta nafasi za kwenda kusoma ng'ambo. Mimi nikitumwa Kinanira tu, mtaa wa humuhumu Bujumbura, naaga jamaa. Mke wangu Mwajuma husema hakuolewa na mume, aliolewa na kabati: ukilihamisha linavunjika mguu.

Kwa hiyo fikirini adhabu niliyoipata mkuu wa shule aliponiandikisha katika mafunzo ya likizo kule Kamenge, wiki tatu, kila siku, kwenda na kurudi. Walikuwa wamekuja walimu wastaafu kutoka Kanada na Ubelgiji, watu wa kujitolea, walioacha wajukuu wao waje kutuonyesha sisi namna ya kufundisha. Nilikuwa na miaka ishirini na minane darasani. Nikajisemea, hawa watanionyesha nini? Nikaenda na mkate wangu na kiburi changu, na mkate ndio uliokwisha kwanza.

Aliyetushika sisi wa madarasa ya chini ni Madamu Odile, mama mfupi wa karibu miaka sabini, viatu vya michezo, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto waliovuka barabara. Siku ya kwanza alituuliza tunafanya nini mwanafunzi asipoelewa. Nikasimama, mimi mkubwa kuliko wote, nikajibu kwamba ninarudia. Akauliza, na asipoelewa tena? Nikasema ninarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakucheka. Aliliandika jibu langu ubaoni, na jina langu chini yake, na likakaa pale wiki nzima kama tangazo la msiba. Kila aliyeingia alilisoma, akanitazama, akakaa mbali kidogo, labda akiogopa masikio yake.

Lakini msidhani Madamu naye hakukosea. Alitufundisha njia ya kunyamazisha darasa: mwalimu anapiga makofi kwa mdundo, watoto wanaujibu, kisha kimya. Kwao inafanya kazi. Akaijaribu kwa watoto waliokuja likizoni ili tufanyie mazoezi, watoto sitini, madawati ya mbao. Akapiga makofi. Wakajibu juu ya madawati. Madamu akafurahi, akapiga tena. Hakujua kwamba katika nchi hii, mtoto ukimpa mdundo na ubao, huna tena uwezo wa kumwambia basi. Mstari wa pili ukaongeza wake, wa nyuma wakaingiza sauti nzito, darasa la jirani wakaitikia ukutani. Mlinzi alitoka getini kuja kuona ni mkubwa gani aliyefika bila taarifa. Madamu amesimama katikati, mikono juu, kama mtu anayeporwa.

Nikamnong'oneza akae chini. Akakaa. Nikampa kitabu, akakifungua. Kelele ikaanza kulegea, ikafa yenyewe. Shikeni hilo, vijana, ni la bure: darasa likichachamaa, kaa chini usome. Mtoto hapendi kupiga kelele isiyomsumbua mtu. Madamu aliliandika kwenye daftari lake, akanitazama kwa jicho jingine, na kesho yake jibu langu la msiba likafutwa ubaoni. Ndivyo tulivyoanza kupendana kikazi.

Sasa vifuniko vya chupa.

Ninyi nyote mnajua hesabu ya kutoa inayotesa darasa la pili. Arobaini na mbili utoe kumi na saba. Mbili haitoi saba, kopa moja kwa jirani. Niliimba hivyo miaka yote. Watoto nao waliimba. Kila mwaka anapatikana mmoja msumbufu anayeuliza kwa nini jirani akitoa moja, inafika kwetu ikiwa kumi. Kila mwaka nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, na kwa sauti kubwa zaidi.

Madamu Odile akatumwagia mezani mfuko mdogo wa vifuniko vya chupa, walivyovikusanya kwenye nyumba waliyopangiwa huko Kinanira. Vifuniko kumi ni fungu moja. Vikikupungukia, unavunja fungu. Akasema vifaa vya kufundishia havinunuliwi, mwalimu huviokota katika mazingira yake. Neno hilo, mazingira, alilitamka mara nyingi mpaka nikaliota. Halafu akatangaza kwamba Alhamisi ya wiki ya mwisho mimi ndiye nitakayetoa somo la mfano mbele ya walimu wote arobaini, kwa watoto hamsini, kila mtoto na vifuniko vyake kumi. Fanyeni wenyewe hesabu ya vifuniko.

Wiki hiyohiyo nyumbani kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Hadji Rajabu, mwenye gereji avenyu nne kutoka kwetu, alikuwa ametuma salamu kwamba Ijumaa baada ya swala wazee wake watakuja kumposa binti yangu Zaituni kwa ajili ya mwanawe Idi, fundi wa umeme wa magari. Zaituni na Idi walikuwa wamependana miaka miwili kwa adabu, yaani mimi nilijifanya sijui. Zaituni ameshona mapazia mapya ya sebuleni kwa mkono wake. Mama yake ameazima vikombe. Alhamisi somo, Ijumaa posa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutoharibu.

Nikaanza kutafuta vifuniko Buyenzi. Duka letu linauza soda za plastiki, na kifuniko huondoka na chupa yake. Siku mbili nikapata kumi na kimoja, kimojawapo kina kutu. Nikafikiri kama msomi: vifuniko viko kwenye chupa, na chupa ziko kwenye kabare, yaani baa za bia. Kabare za Kamenge, si mbali na mafunzo, na huko hanijui mtu. Jumatatu nilipomaliza masomo, mimi mjukuu wa muadhini, kofia kichwani, nikaingia kabare ya kwanza katika maisha yangu kama paka anayeingia buchani alikowahi kupigwa.

Mwenye kabare alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mwimbaji wa kwaya kanisani kwake. Nilimweleza mambo yote, watoto, mafungu, Madamu, mazingira. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mutu haingie mu kabare akasimama kama askari. Kaa. Kunywa kitu. Vifuniko vitakuya vyenyewe."

Nikakaa, nikanywa soda ya machungwa. Habari ikapita meza hadi meza kwamba mzee mwenye kofia anakusanya vifuniko vya watoto wa shule. Sijapata kuona watu wanaoijali elimu namna ile. Bwana mmoja wa tai alifungua chupa ya tatu, akanikabidhi kifuniko kwa mikono miwili, akasema hii ni ya mtoto wa darasa la pili. Mwenzake hakukubali kushindwa, akafungua mbili, mapacha. Walionyanyuka kwenda nyumbani waliitwa maadui wa maendeleo, wakakaa tena. Mama Furaha aliporidhika akanielekeza kabare ya pili, na ya pili ikanielekeza ya tatu, na kila mahali sheria ni ileile: mtu hasimami kama askari. Nilipofika ya tano nilikuwa na mfuko umejaa, na soda tano tumboni zinazotafuta njia.

Nikatoka taratibu, jua linakaribia kuzama, mfuko begani unalia cha, cha, cha, mguu nauweka kwa uangalifu maana tumbo limekuwa ngoma. Mlangoni nikagongana uso kwa uso na Bi Shani, dada mkubwa wa Hadji Rajabu, anatoka hospitali kumwangalia mgonjwa. Akanitolea salamu kamili. Nikafungua kinywa kuitikia, na badala ya waaleikum salaam zikatoka soda zote tano kwa mpigo, sauti ndefu, kama breki za lori.

Bi Shani alinitazama mimi, akatazama maandishi juu ya mlango, akatazama mfuko. Mfuko ulinuka kuliko kabare yenyewe.

"Afya vipi, Mwalimu?"

Nikasema nzuri. Akasema alhamdulillahi, kama anayepokea habari ya kifo.

Hapo ndipo nilipokosea, na mnisikilize vizuri. Ningesimama nikaeleza. Niliona aibu, nikanyamaza, nikapanda basi. Kabati halijielezi.

Kufika kesho yake, Buyenzi nzima ilikuwa inaniulizia afya. Kwetu hapa mtu hakwambii kwamba unakunywa, hiyo ni kukosa adabu. Anakuuliza afya, kisha anasubiri. Kinyozi aliniulizia afya. Muuza sambusa aliniulizia afya akaniongezea moja, ya huruma. Imamu alinishika mkono baada ya swala, akanikumbusha kwamba mlango wa toba hauna kufuli. Nikasema amina, nikidhani anazungumza kwa jumla.

Jumanne kabla ya magharibi akaja mjumbe wa Hadji Rajabu. Salamu nyingi, na kwamba ule ugeni wa Ijumaa utasogezwa kidogo, kwa sababu ya mvua.

Vijana, ilikuwa Agosti. Bujumbura haijaona tone tangu Mei. Mbuzi walikuwa wanapiga chafya kwa vumbi. Lakini kwetu mtu hakukatalii binti yako usoni, anakutajia mvua, na wewe unaangalia juu, unasema kweli, kumetanda.

Mwajuma ndiye aliyenieleza maana ya zile afya zote. Alikuwa amekwisha kuviosha vifuniko kwa sabuni katika beseni, na nyumba inanuka sabuni na bia, harufu ambayo haina mwenyewe. Alisema miaka thelathini ameshindwa kunitoa nje ya nyumba hii hata kwenda ziwani, na siku nimetoka peke yangu nimekwenda kabare tano. Nikataka kucheka. Kisha nikamwona Zaituni. Hakuwa analia, afadhali angelia. Amepanda juu ya kiti, anatoa mapazia mapya, anayakunja moja moja, ukingo kwa ukingo.

"Baba, mi najua haukunywa," akasema bila kugeuka. "Lakini wao hawajui. Nikiwa mudogo ulikuwa unanikata alama nikiandika jibu bila kuonyesha namna nimelipata. Sasa we uko na jibu. Onyesha."

Nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wakali. Hakuna aliyenipiga kama huyo.

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda Kamenge, nikabeba mfuko wangu mpaka gereji. Mafundi wakaweka nyundo chini. Hadji Rajabu alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono ina mafuta meusi. Akaniulizia afya.

"Afya yangu nzuri, Hadji," nikasema. "Linaloumwa ni jina langu. Nipe dakika kumi na boneti ya gari."

Akanionyesha boneti moja ya bluu. Nikamwaga vifuniko. Hadji akarudi nyuma hatua mbili, maana sabuni ilikuwa imeshindwa. Nikaeleza: hiki ndicho nilichokifuata kule, kesho nafundisha, tazameni. Nikapanga mafungu manne ya kumi na vifuniko viwili pembeni. Arobaini na mbili. Tunatoa kumi na saba.

Boneti, kama mnavyojua ninyi na kama nisivyojua mimi, ina mteremko. Fungu la kwanza likaanza kutembea. Nikalizuia kwa kiwiko, la pili likamfuata mwenzake. Vikaingia chini ya gari, vikaingia kwenye beseni la oili. Nilikuwa natoa jasho, natoa saba, nakusanya, nahesabu, na mwisho nikatangaza mbele ya watu wote kwamba jibu ni ishirini na tatu. Fundi mmoja, aliyelala chini ya gari hata hanioni, akasema ni ishirini na tano. Gereji nzima ikaangua kicheko.

Hadji hakucheka. Alikuwa anatazama boneti jinsi fundi anavyosikiliza injini.

"Mwalimu," akasema, "shida si pombe. Kumi yako haifungwe. Kitu haifungwe inaanguka."

Akainuka, akavuta kopo la vyuma chakavu. Akachukua bolti, akavisha rondeli kumi, akakaza nati kwa vidole. Akafanya hivyo mara nne, akaweka rondeli mbili pembeni. Akazilaza bolti zake kwenye boneti, hazikuenda popote. Kisha akaanza kuongea polepole, na hakuwa anaongea na mimi.

"Uko na mbili, unataka saba. Apana, haitoshe. Fungua nati moja."

Akaokota zile mbili, akafungua. Rondeli kumi zikamwagika kiganjani mwake, juu ya zile mbili. Akazihesabu kwa kidole gumba. Akasema kwa sauti ya chini kwamba aliacha shule darasa la pili, kwa hesabu hiihii. Alimuuliza mwalimu wake kwa nini jirani akitoa moja inafika ikiwa kumi, akaambiwa ndivyo ilivyo, akauliza tena, akachapwa, akaja gereji. "Kumbe ilikuwa imefungwa," akasema.

Mwalimu wake hakuwa mimi, umri wetu ni mmoja. Lakini nilisimama pale na uso wangu unawaka kama kwamba ni mimi, maana jibu lile lilikuwa langu, neno kwa neno, miaka ishirini na minane.

Hadji akafuta mikono kwa kitambaa. Akainua macho juu. Mafundi nao wakainua macho, wote tukatazama anga jeupe la Agosti.

"Naona mvua imekatika," akasema.

Somo la Alhamisi sitalieleza sana, nisije nikajisifu bure. Hadji aliniazima bolti zote alizokuwa nazo, watoto wakakaa vikundi vikundi, na kwa kuwa hakuniamini na vyuma vyake, alikuja mwenyewe kuvilinda, kanzu nyeupe, akakaa dawati la nyuma. Nilipofika kwenye kukopa, watoto walifungua nati, na nikasikia ile sauti ambayo ninyi mtaisikia mara chache katika kazi hii, watoto wengi wanavuta pumzi pamoja. Madamu Odile alivua miwani. Baadaye aliniambia kwamba wiki zote hizo amehubiri mazingira, na mazingira yenyewe yalikuwa ya nyumbani kwao Kinanira. Akauliza nani alibuni. Nikaonyesha nyuma.

Ndiyo makosa niliyofanya siku hiyo, maana Hadji alisimama, na hakukaa tena. Aliwafundisha walimu arobaini kama wanafunzi wake wa gereji. Nati ikazwe kwa vidole, si spana, mtoto hana spana. Kila Ijumaa tone la oili. Mwalimu mmoja alikaza mpaka ikagoma, akaambiwa mbele ya wote kwamba mikono yake ni ya kalamu, akae pembeni. Madamu aliandika kila kitu. Walimu wa kujitolea waliokuja mwaka uliofuata walikuta mchoro wa bolti ndani ya kitabu chao cha mafunzo, na mimi na Hadji tukawa wa kuwafundisha wao.

Ijumaa baada ya swala wazee wakaja. Mapazia yamerudi mahali pake. Msemaji wao alikuwa mtu wa maneno marefu, akaanzia kwa Adamu, akawa anashuka polepole. Hadji akachoka. Akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa bolti yenye rondeli kumi, akaiweka kwenye sinia la tende mbele yangu. Akafungua nati, ikalia kidogo. Akatoa rondeli moja, akaitia mfukoni upande wa moyo, akakaza tena, akanisogezea sinia. Msemaji akaishia hapo, hajafika hata kwa Nuhu.

Ilikuwa zamu yangu kujibu, nikazihesabu rondeli zilizobaki, nikazirudia. Watu wanasubiri, nami nakodolea tende. Ndipo upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Bi Shani akaita, "Afya vipi, Mwalimu?"

Walicheka mpaka wa barabarani wakachungulia. Katika kicheko hicho nikasema ndiyo, na nadhani walinisikia, kwa kuwa watu walianza kula.

Zaituni anakaa avenyu nne kutoka hapa. Kwa wengine ni hatua. Mimi kila Jumapili navaa viatu, naaga nyumbani, nakwenda. Bolti imebaki dirishani, naitia oili Ijumaa kama nilivyofundishwa.

Kwa hiyo, Espérance mwanangu, umehesabu vizuri, alama zako nakupa zote, na nimekuonyesha nilivyolipata jibu. Ile ya kumi haijapotea. Imeolewa.